Nani Aliweka Maji Kwenye Petroli?

Nilizungusha ufunguo. Mashine ya kukata nyasi ikajibu: tik.

Nikazungusha tena.

Tik.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Novemba, kwenye saa mbili asubuhi, na kesho yake tulikuwa na harusi kwenye bustani yetu ya sherehe. Mvua ilikuwa imeshapiga mara nne au tano. Anayeijua Tabora anajua ukoka wa hapa unavyoamka: unalala mkavu miezi sita kama umekufa, halafu ukipata maji siku tatu unaanza kukudai. Wapambaji walikuwa wanashusha viti kwenye kenta. Mama wa chakula alikuwa anatafuta pa kuinjika masufuria. Mjomba wa bwana harusi alisimama chini ya mwembe, mikono nyuma, anazitazama nyasi zilizomfika kwenye muundi, hasemi kitu.

Kufika saa tano fundi alikuwa ameshaifungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Alikishusha kile kikombe chake kidogo cha chini, akamimina kilichomo kwenye kifuniko cha ndoo. Petroli ikatandaa, rangi ya chai kavu. Chini yake kulikuwa na tone nene linaviringika peke yake, halitaki kuchanganyika na mwenzake.

"Maji haya, bosi," fundi akasema.

Sikuuliza yametoka wapi. Nilimgeukia kijana wetu wa bustani, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesimama pembeni na fyekeo mkononi, nikasema kwa sauti iliyowafanya hata wapambaji waache viti: "Umeuza petroli, ukajazia maji."

Akaniangalia.

"Sijaweka maji mimi."

Hakuongeza neno. Akaenda kufyeka. Walifyeka mpaka giza lilipoingia, yeye na vibarua wawili niliowatafuta haraka haraka, na harusi ikafanyika vizuri tu. Mjomba hata alinishika mkono.

Aya hizi nimeziandika na kuzifuta zaidi ya mara tatu tangu Aprili.

Trekta

Mashine yenyewe ni ya kukalia. Ina usukani, magurudumu manne, na visu viwili chini ya tumbo. Niliinunua mtumba Dar es Salaam, ikaja Tabora juu ya lori la saruji, na siku ileile iliposhushwa watoto wa jirani wakaibatiza trekta. Haiwezi kulima hata tuta moja la viazi, lakini jina limeshakaa.

(Mashine ya kwanza kabisa ya kukata nyasi aliibuni Mwingereza, Edwin Budding, mwaka 1830, baada ya kuona mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya vitambaa vya sufu. Kila nikimaliza kukata bustani nikaiangalia kwa mbali, naelewa aliona nini.)

Ilikuja na kitabu chake, kina alama za vidole vyenye grisi vya mwenyewe wa kwanza, huko Ulaya. Sura ya kuhifadhi inaanza na majira ya baridi. Inazungumzia theluji, na betri inayoweza kuganda. Nilisoma mistari miwili, nikacheka, nikakifunga. Baridi gani Tabora? Baridi yetu ni ya Juni na Julai asubuhi, ya kuvaa sweta hadi saa nne.

Ndipo nilipoanza kukosea, ingawa ilinichukua mwaka kuliona hilo.

Maana kitabu kilikuwa kinazungumza kuhusu miezi sita ya mashine kukaa bila kazi, na miezi hiyo tunayo. Kwao nyasi zinalala kwa baridi, kwetu zinalala kwa kiangazi. Mvua ikikata mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, trekta inaingia stoo na haitoki mpaka Novemba. Tena adui zetu humo ndani ni wengi kuliko theluji: jua la Oktoba linalolifanya bati liwe kikaango, vumbi jekundu, panya, na wale nyigu wanaojenga kwa udongo kila penye kitundu.

Michembe

Bibi yangu wa Urambo alikuwa mtu wa kuweka akiba. Viazi vitamu vikivunwa, hakuna aliyekaa. Vingine vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa vibichi: michembe. Vingine vinachemshwa kwanza ndipo vinakatwa na kuanikwa: matobolwa. Mimi nilikuwa mtoto wa kufukuza kuku wasivichezee vilivyoanikwa, na niliiona kazi hiyo kama adhabu. Lakini hakuna mtu kwenye ule mji wa bibi aliyewahi kuchukua kiazi kibichi, chenye udongo na unyevu wake, akakitupa ghalani na kusema amehifadhi.

Mimi ndicho nilichofanya Mei ile.

Tulikata nyasi mara ya mwisho. Nikaiendesha trekta mpaka stoo, nikaizima, nikatoa ufunguo, nikautia mfukoni. Tangi lilikuwa nusu. Kwenye lile bakuli la chuma linalofunika visu kulikuwa na majani mabichi yaliyogandamana unene wa kidole, na majani hayo hushika unyevu na kula chuma polepole. Oili ilikuwa nyeusi ya msimu mzima. Betri niliiacha imefungwa palepale. Nikatandika turubai juu, injini ikiwa bado ya moto, nikajiona mtu makini.

Turubai lenyewe nililichukua tena Septemba. Tulikuwa na kipaimara cha mtoto wa shemeji na walihitaji kivuli cha wapishi.

Sikulirudisha.

Tik

Tuirudie ile sauti, maana ina habari nyingi kuliko nilivyodhani.

Ukizungusha ufunguo kukawa kimya kabisa, mara nyingi umeme haufiki kwenye stata, ile mota inayoizungusha injini iwake: fyuzi imeungua, au betri imekufa kabisa, au mojawapo ya zile swichi za usalama inakukatalia. Nyingi ya trekta hizi zina swichi chini ya kiti, nyingine kwenye pedali ya breki, nyingine kwenye mkono wa kuzungushia visu. Usipokaa, au usipokanyaga breki, au visu vikiwa vimewashwa, haiwaki. Nimeshaona mtu mzima anaipigia simu Dar es Salaam kuuliza bei ya stata, kumbe amesimama pembeni ya mashine badala ya kukaa.

Tik moja kavu ni habari nyingine. Umeme umefika, umebonyeza kile kidude cha stata, lakini hauna nguvu ya kuizungusha injini. Hapo uanze na betri na vichwa vyake.

Fundi aliweka testa: volti 9 na kitu. Betri ya volti 12 iliyoshiba, ikipumzishwa, inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikishuka mpaka 12 ujue imebaki jina tu. Na betri hizi za risasi na asidi zinajimaliza zenyewe hata kama hazifanyi kazi, na joto linazidisha: kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya kujimaliza inakaribia kuwa maradufu. Ikikaa na njaa muda mrefu, ndani yake kunajengeka ukoko mgumu kwenye zile sahani, na baadaye hata uichaji usiku kucha haipokei. Yangu ilikuwa imekaa miezi sita chini ya bati la Tabora. Hakuna aliyeiiba nguvu yake.

Tukaunganisha nyaya kutoka kwenye betri ya gari. Injini ikazunguka vizuri, ikazunguka, ikazunguka. Haikushika.

Fundi alifungua kifuniko cha tangi, akainusa, akanipa na mimi ninuse.

Ilinuka vanishi.

Petroli inazeeka

Hili nilikuwa silijui, na nina gari miaka kumi na tano. Kwenye gari petroli haikai, inaingia na kutoka, hupati nafasi ya kuiona ikizeeka.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo vinavyoshika moto haraka asubuhi injini ikiwa baridi, ndivyo vinavyoruka kwanza. Vinavyobaki vinakutana na hewa, vinageuka polepole kuwa utandu, kisha gundi. Watengenezaji wa injini hizi ndogo huonya kwamba petroli isiyotiwa dawa ya kuitunza inaanza kuharibika baada ya siku 30 hivi. Mimi niliipa siku karibu mia mbili, kwenye stoo ya bati.

Pa kuumia kwanza ni kabureta. Petroli inapita kwenye jeti, kitundu chembamba mno. Utandu kidogo tu, kimeziba.

Kijana alikuja kuangalia fundi alipokuwa akiigeuza kabureta juani. Hii ilikuwa kabla ya maji kuonekana, bado tulikuwa tunaongea. Akachovya kidole kwenye ule utando wa kikombe, akauvuta.

"Imekuwa kama asali ya nyuki wadogo," akasema.

Fundi alicheka. Mimi pia nilicheka. Dakika mbili baadaye lile tone likaviringika kwenye kifuniko cha ndoo, na nikasema nilichosema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikuwa na jibu tayari. Lita za petroli, kijana wa mshahara mdogo, pikipiki yake inayosimama nje ya geti. Hesabu ilikuwa imeshajumlishwa kichwani mwangu kabla hata ya kuona maji. Maji yalikuja tu kuweka sahihi.

Dakika kumi na tano

Kabureta ilisafishwa, jeti ikapulizwa, gasketi mpya ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, betri mpya nikanunua. Tangi likamwagwa lote. Kwenye wiki ya pili ya Desemba trekta iliwaka kwa mara ya kwanza tu ya ufunguo, ikanguruma vizuri, nikapanda.

Ikakata nyasi dakika kumi na tano, ikakohoa, ikazima.

Ikagoma. Tukainywea chai. Baada ya nusu saa ikawaka kama haijawahi kuumwa, ikaenda tena dakika kumi na tano, ikazima.

Fundi alisema koili: ikipata moto inakata cheche, ikipoa inarudi. Na kwa kweli ugonjwa huo upo na dalili zake ni hizohizo. Tukaagiza koili. Siku tisa za kusubiri, bei usiniulize. Ikafungwa.

Dakika kumi na tano.

Leo ningemwambia fundi achomoe plagi palepale injini inapozima, kabla haijapoa, aipime kama ina cheche. Ikiwa nayo, koili haina kosa, hela yako ibaki mfukoni. Hatukufanya hivyo. Tulifungua ile kava ya feni juu ya injini tukakuta panya wamejenga, tena kwa vitambaa vya mapambo, vipande vya zambarau na dhahabu vya harusi ya mwaka uliopita, vimesokotwa vizuri kati ya mapezi ya kupoozea injini. Kiota kama hicho kinaweza kuiunguza injini, kwa hiyo tulishangilia. Tukakitoa. Nilikuwa na uhakika tumemaliza.

Dakika kumi na tano.

Kijana ndiye aliyeligundua. Siku hizo alikuwa haongei na mimi zaidi ya kazi. Alikuja na dumu kuongeza petroli, injini imezima katikati ya uwanja, akafungua kifuniko cha tangi, akasimama. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Linavuta pumzi," akasema, akimwangalia fundi.

Tukasogea. Kweli, ukilegeza kifuniko unasikia fyuuu, hewa inaingia kwa pupa. Akakaa kwenye kiti, akazungusha ufunguo papo hapo, kifuniko kikiwa kimelegea, na injini ikawaka bila kusubiri nusu saa.

Kifuniko cha tangi kina kitundu cha kupumulia. Petroli inavyotoka, hewa inabidi iingie kushika nafasi yake. Kitundu kikiziba, tangi linajinyonga: linashikilia petroli kwa ndani mpaka pampu ishindwe kuvuta, injini inakufa kwa kiu huku tangi limejaa. Ukisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, inawaka tena. Chetu kilikuwa kimezibwa na udongo. Udongo mwekundu, mkavu, mgumu kama wa kufinyangia.

Kijana akauchokoa kwa mwiba.

Nilisema nini? Nilisema "safi sana, dogo," nikapanda trekta. Nilikuwa na harusi nyingine Jumamosi.

Tone

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwanzoni mwa Aprili mvua ilinikuta bustanini peke yangu. Nilikuwa nimeirudisha trekta stoo na safari hii niliiingiza kinyumenyume, kama nilivyoiweka mwaka jana. Msimu mzima tulikuwa tunaiingiza kwa mbele, kwa sababu viti vya harusi vilibanana upande ule. Mvua ikaongezeka, nikabaki humo, nimeegemea ukuta, nasikiliza bati.

Tone likadondoka kwenye trekta.

Sikulijali. Likadondoka la pili, palepale. Tangi la trekta yetu liko nyuma, chini ya bawa la gurudumu la kushoto, na kifuniko chake kinachungulia juu. Kina kishimo katikati, kama kisahani, na ndani ya kishimo ndiko kiliko kile kitundu. La tatu likaingia kwenye kisahani.

Nikainua macho. Kwenye bati kulikuwa na tundu la msumari.

Nilisimama pale nikihesabu matone mpaka kisahani kikajaa, na vumbi lililokuwemo likawa tope. Tope likaanza kuzama kwenye kitundu, taratibu, kama mtu anayemeza dawa asiyoipenda. Kwa hiyo mvua za kwanza za Novemba ziliingiza maji tangini, na maji kwa kuwa ni mazito kuliko petroli yakalala chini, yakasubiri kushuka kwenye kabureta. Kisha lile tope likakauka na kuziba njia nyuma yake. Magonjwa mawili tuliyoyahangaikia mwezi mzima, na mtu mmoja niliyemtukana, vyote vilipita kwenye tundu lisilotosha hata punje ya mtama.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema kumbe ilikuwa bahati mbaya, hakuna aliyejua.

Ujumbe wa Oktoba

Usiku ule usingizi ulikataa. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua kuhusu bati, kama neno lililo kwenye ncha ya ulimi. Nikachukua simu, nikaanza kurudi nyuma kwenye mazungumzo yangu na kijana. Machi. Januari. Desemba. Picha za viti, hesabu za taa, "nimefika bosi", "mafundi wa umeme wameondoka bosi".

Nikafika Oktoba, tarehe 19. Ujumbe wa sauti, sekunde kumi na mbili.

"Kaka, shikamoo. Bati la stoo lina tundu, naona jua linapiga kwenye trekta. Nikipata lami kidogo na ngazi naziba kabla mvua haijaanza."

Chini yake, jibu langu. Alama ya dole gumba.

Hakukuwa na lami. Hakukuwa na ngazi. Nilikuwa nimeweka dole gumba, nikaendelea na shughuli zangu.

Nilisikiliza ule ujumbe mara tano au sita, na ilikuwa mara ya nne hivi ndipo nikasikia neno la kwanza kabisa. Kaka. Nikarudi tena kwenye ujumbe wote, nikiutafuta mpaka. Kabla ya ile Ijumaa ya Novemba ni kaka, kila mahali, kaka na shikamoo yake. Baada ya pale ni bosi. Hakuna hata mmoja uliopotoka.

Nilikuwa nimeitwa bosi miezi minne na nilikuwa nimedhani ni heshima.

Mbele ya trekta

Nilimwomba radhi. Asubuhi yake, stoo, nikamwonyesha tundu, nikamwonyesha kisahani cha kifuniko, nikamchezea sauti yake mwenyewe. Nikamwambia nilikukosea, nisamehe.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa kidogo.

"Yameisha, bosi."

Nilirudi nyumbani nimepungua uzito. Nikamsimulia mke wangu kila kitu, na mwishoni nikasema, basi, tumeyamaliza. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ulimsema mbele ya watu kumi na tano," akasema, "ukaenda kumwomba radhi mbele ya trekta."

Wiki sita sasa nalitafuna hilo. Wapambaji wale wale huja kila baada ya wiki mbili, tatu. Mama wa chakula nakutana naye sokoni. Yule mjomba sijui hata anakaa wapi, na katika akili yake mpaka leo pale kwetu kuna kijana mwizi wa petroli. Nifanyeje, niwapange chini ya mwembe? Nimejaribu mara moja: mwezi uliopita, wapambaji wakiwa wanakunywa soda, nilianza, "jamani, mnakumbuka ile siku ya trekta..." Wakacheka, mmoja akasema "ile ya maji!", na kijana akanyanyuka akaenda kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Nikameza maneno yaliyobaki.

Na kuandika hapa, hata hilo nalitilia shaka. Yeye hasomi blogu. Wanaosoma hawakuwepo. Huenda natafuta tu pa kuonekana mwema.

Jumamosi iliyopita tuliiweka trekta kwa msimu. Nyasi zimeshaanza kupauka. Safari hii nilikitoa kitabu, nikaifungua ile sura ya baridi, nikawa namsomea kijana na yeye anafanya, na mahali walipoandika theluji tukaweka vumbi. Tulikwangua majani chini ya bakuli la visu, waya wa plagi ukiwa umechomolewa kwanza, maana visu havina mzaha. Oili tuliimwaga injini ikiwa ya moto, inatoka na uchafu wake wote. Plagi ikatolewa, kijiko cha oili kikamiminwa ndani ya silinda, injini ikazungushwa mara mbili tatu kwa mkono ili oili ipake kuta. Betri iko ndani kwangu, juu ya ubao, na kila mwisho wa mwezi inapata chaja. Bomba la moshi limezibwa kitambaa kwa ajili ya nyigu, na kingine chekundu kimefungwa kwenye usukani kutukumbusha kukitoa. Mtego wa panya uko chini. Bati kijana alipanda kuliziba mwenyewe, wiki tatu zilizopita, kwa lami niliyonunua siku ileile aliyoitaja tena.

Lakini kabla ya oili na betri, tulianza na petroli. Alitega dumu, akachomoa mpira wa chini ya tangi, ikashuka yote. Tukaiwasha injini imalizie iliyobaki kwenye kabureta mpaka ikazima yenyewe.

Nikamwambia achukue hiyo petroli aweke kwenye pikipiki, bado ni mpya, haina hata wiki.

Hakuichukua. Akaenda kuleta chupa ya lita moja, akaanza kupima, chupa baada ya chupa, anamimina kwenye dumu jingine bila kumwaga tone.

"Lita tatu na nusu," akasema.

Akaliinua dumu, lile jeupe linaloonyesha, akaligeuzia jua.

"Angalia chini, bosi. Kuna maji?"

Nikainama. Nikaangalia.

"Hakuna."

"Andika."

Nikaenda ndani kutafuta kalamu.